Pole

Eliamini alipiga simu kutoka Mwanza:
"Mama, tafuta mbwa mkali, mwenye kifua.
Leo wamebeba pampu, kesho watabeba geti."
Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda Goba
kwenye banda wanakotunza mbwa waliookotwa,
barua ya mwenyekiti wa mtaa ndani ya pochi,
kama mtu anayekwenda kuposa.

Wakali walikuwepo. Walinibwekea
kwa adabu zote za kazi, mkia juu, meno nje,
kila mmoja akijinadi kama muuza mitumba.
Lusajo, kijana wa banda, akawasifia:
huyu alilinda yadi ya mbao,
yule hapendi hata kivuli chake.
Mimi macho yangu yalikuwa nyuma ya pipa la maji,
palipokuwa na giza lenye masikio.

"Huyo achana naye, mama.
Tulimtoa mtaroni Jangwani, baada ya mafuriko.
Mwezi wa saba huu hajabweka.
Ukimsogelea anajifanya ukuta."

Nikachuchumaa. Magoti yakalia kama bawaba.
Sikuwa na la kumwambia mbwa.
Nikasema tu: pole.

Neno lenyewe nilikuwa nimelichoka.
Tangu tumzike Kaanaeli nilipewa pole za bahasha,
pole za sahani ya ubwabwa, pole za mlangoni,
pole za simu zinazokatika salio likiisha,
zikanijaa ndani kama vyombo vya kuazima
nisivyojua nimrudishie nani.
Hiyo moja nikaitoa.
Sikio la kushoto likainuka, nusu,
likarudi chini.

Nikasaini.

Wiki tatu aliishi chini ya cherehani.
Alikula nikishazima taa;
nilikuwa nasikia ulimi ukisugua sufuria gizani.
Mvua ikigonga bati alitetemeka
hata pedali ikacheza, sindano ikapanda na kushuka,
kana kwamba kuna fundi nisiyemwona
anashona kitu kirefu, bila uzi.
Nilikaa naye sakafuni mpaka mvua ikate.
Simgusi, hanigusi.
Wajane wawili wa maji tofauti.

Bi Mwanahija wa ng'ambo ya ukuta
alirusha vichwa vya samaki, kavifunga gazetini.
"Kumgusa simgusi, dini yangu unaijua,
lakini njaa haina dhehebu."
Eliamini naye: "Mbwa gani anaogopa ufagio?
Mwizi akija je?"
Mwizi akija, mwanangu,
tutabanana wote chini ya cherehani.

Jina sikumpa. Nilijaribu Simba, nikaona haya mwenyewe.

Halafu ikaja Alhamisi moja, umeme umekatika,
nimetoka Kariakoo na vitambaa vya sare za shule,
saa mbili na nusu nimesimama kwenye foleni ya Ubungo,
nafungua geti kwa kiwiko.
Bi Mwanahija, sauti tu, kutoka kibarazani kwake:
"Pole na foleni, Mama Eliamini!"

Kabla sijajibu, mlango wa sebule ukasogea.
Pua kwanza. Kisha masikio, yote mawili.
Akashuka ngazi moja, akaifikiria, akashuka ya pili,
akasimama katikati ya uwanja
anageuza kichwa huku na huku
anatafuta nani amemwita.

Mtaa mzima, kumbe, ulikuwa unamwita:
pole na kazi, pole na jua, pole na safari,
tangu alfajiri hadi muuza kahawa apite,
na yeye kule chini alikuwa anasikia, anajipanga.

"Mbona kimya? Hujapoa?" akauliza Bi Mwanahija.
"Bado," nikasema. "Ila tumetoka nje."

Upepo ukabamiza geti. Mbio,
akarudi chini ya cherehani,
kichwa ndani, mabega ndani, miguu yote ndani.
Mkia tu ndio aliusahau nje.
Ulikuwa unapiga sakafu, taratibu,
nami nikaanza kutafuta mshumaa.